Sarafu za dhahabu za Apollo 11: ipi ununue, ipi uiache

Kati ya sarafu zinazouzwa kwa jina la safari ya mwezini, ya kutangulia ni ile ya dola 5 iliyotolewa na Kiwanda cha Sarafu cha Marekani mwaka 2019, Apollo 11 ilipotimiza miaka 50. Ina gramu 8.359, kipenyo cha milimita 21.59, na dhahabu asilimia 90: gramu 7.523 za dhahabu tupu, sawa na aunsi 0.2419. Upande wenye unyayo wa buti umebonyea. Upande wa pili, wenye kioo cha kofia ya mwanaanga Buzz Aldrin, umetuna. Sogeza lenzi karibu na kioo hicho utamwona mwenzake Neil Armstrong, aliyepiga picha ambayo mchoro huo umetolewa. Ni kazi nzuri mno, na hakuna mchoro bapa unaoifikia.

Kwa sheria, kiwanda hakikuruhusiwa kuitoa baada ya 2019, wala kuzidisha sarafu 50,000. Kwa hiyo unanunua kwa mtu aliyewahi kuimiliki, na bei uipige hesabu mwenyewe: bei ya aunsi ya siku hiyo mara 0.2419. Aunsi ikiwa dola 3,000, dhahabu iliyomo ni kama dola 726. Anayekuuzia chini sana ya hapo mwogope, maana mwenye sarafu halisi angeipeleka kwa sonara akalipwa zaidi.

Kuna aina mbili. Ya prufu ina uwanja unaong'aa kama kioo na picha yenye ukungu. Nyingine ina mng'ao wa kawaida. Anayetaka kuitazama achukue prufu. Anayetaka kuhifadhi thamani achukue ya kawaida ikiwa ni rahisi zaidi, kwani sonara wa Dar es Salaam au Nairobi ataipima kama dhahabu ya karati 21.6 na hatalipia picha. Usiongeze pesa nyingi kwa ajili ya daraja la 70, la juu kabisa, kutoka PCGS au NGC, kampuni zinazopima ubora wa sarafu na kuzifunga kwenye plastiki yenye namba. Sarafu za miaka hii hupata 69 au 70 kwa wingi, na tofauti hiyo jicho haliioni.

Ya kawaida ikiwa haijafungwa, ipime kwa mizani ya gramu 0.01. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uitumbukize sarafu kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Namba ipande kwa 0.47 hadi 0.49. Shaba ya njano yenye uzito huohuo ingepandisha karibu gramu 1. Sumaku haitoshi: haivuti dhahabu, wala haivuti shaba. Prufu usiifanyie hivi, hata kuigusa kwa vidole usiiguse. Nunua iliyofungwa, uhakiki namba yake kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima, ulinganishe na picha. Alama ya W, ya kiwanda cha West Point ilikotengenezwa, lazima ionekane.

Mfuko usipofika huko, dola 1 ya fedha ya mchoro uleule ndiyo chaguo la pili: gramu 26.73, fedha asilimia 99.9, nayo imebonyea vilevile. Ile ya fedha ya aunsi 5, yenye kipenyo cha milimita 76.2, inapendeza zaidi ukutani kuliko sokoni. Wanunuzi wake ni wachache. Nusu dola haina madini ya thamani, lakini ni zawadi nzuri kwa mtoto anayependa roketi.

Za kuacha, kama unatafuta dhahabu, ni zenye rangi tu. Dola 1 ya 2019 inayomuenzi mhandisi Mary Golda Ross, na ile ya Alabama ya 2024 yenye roketi ya Saturn V, ni aloi ya shaba, zinki, manganizi na nikeli. Ni sarafu halali, ila bei yake isizidi dola chache. Mbaya zaidi ni dola zenye sura ya Rais Eisenhower za miaka ya 1970, zenye tai akitua mwezini, zilizopakwa dhahabu na wafanyabiashara. Utando huo ni mwembamba mno hata hauna cha kuyeyusha, na umeshaiharibu sarafu kwa mkusanyaji. Tangazo likisema "imepakwa", "tabaka la karati 24" au likikosa gramu, pita.

Ukishanunua, usiifute hata kwa kitambaa laini. Upande uliotuna ndio unaokwaruzika kwanza. Vidoa vyekundu vya shaba vikitokea, viache. Kuvisugua kunashusha bei kuliko vidoa vyenyewe.