Klipu ya mfukoni kwenye kisu cha kukunja: maoni yangu, hasa kwa tunaotumia mkono wa kushoto

Wakuu, naandika hii kwasababu kila nikisoma maoni ya watu kuhusu visu vya kukunja naona wanaongelea stili tu, ipi inashika makali muda mrefu, ipi inapata kutu, loki inakaza vipi, alafu klipu, kile kibanio cha ubavuni kinachoshika pindo la mfuko, inapewa sentensi moja mwishoni kwamba ipo, basi. Mi kwa jinsi ninavotumia kisu klipu ndo kitu cha kwanza naangalia, kabla hata sijafungua bapa kuona makali.

Nianze na kisu nilichokuwa nacho zamani. Kilikuwa kizuri, mpini wa mbao, kinakata karatasi kama wembe, ila hakina klipu. Kwahiyo kinakaa chini kabisa ya mfuko kimelala pamoja na funguo na chenji, ukikihitaji unazamisha mkono mpaka kifundo unapapasa, unatoa funguo kwanza, unazirudisha, ndo unakipata, tena kimegeuka kichwa chini miguu juu inabidi ukizungushe mkononi kabla ya kukifungua. Kazi ya sekunde mbili inakuwa ya nusu dakika. Matokeo yake unaacha kukitumia, boksi unalichana kwa funguo, kamba unaikata kwa meno. Kisu unacho lakini ni kama huna. Mwishowe nilikipoteza kwenye siti ya nyuma ya gari, maana ukikaa mapaja yanainuka na mfuko unalala, kitu kizito chenye mpini laini kinateleza kimyakimya. Nilikuja kugundua usiku navua suruali. Sikukiona tena na kiliniuma kweli.

Hapo ndo nikahamia kwenye visu vya klipu na sijarudi nyuma.

Kitu ambacho klipu inafanya, na hiki ndo nataka kieleweke, ni kwamba inakipa kisu mahali pake. Kinasimama wima kwenye kona ya nyuma ya mfuko, palepale kila siku, na mkono unapajua bila macho kama unavojua swichi ya taa chumbani kwako gizani. Juzi nilikuwa juu ya ngazi napitisha waya pembeni ya dari, mkono wa kulia umeshikilia bando la waya lisishuke, nimeshafunga kamba mkia umebaki mrefu unaning'inia usoni. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe, vidole viwili vikabana mpini kwa juu, kisu kikatoka, gumba likasukuma bapa, tak, nikakata mkia, nikakunja kwa mkono huohuo na kukirudisha. Macho yangu hayakutoka kwenye waya hata mara moja. Kile cha mbao ningelazimika kuachia bando, kushuka, kutafuta, kupanda tena.

Na faida nyingine haisemwi sana: unajua kama kipo. Kiganja kikipita mfukoni kinagusa klipu, ukipita hakuna kitu unashtuka hapohapo. Ukiwa unaelekea sehemu visu haviruhusiwi, mfano uwanja wa ndege, unakumbuka kukiacha nyumbani kabla hujafika kwa wakaguzi.

Zamani visu vya kukunja vilikuwa ama vya kulala mfukoni ama vya kuvaa mkandani. Buck 110 kile kikubwa cha miaka ya 1960 watu mpaka leo wanakibeba kwenye ala ya ngozi kiunoni. Waliobadilisha mambo ni kampuni ya visu ya Spyderco ya Sal Glesser, mwaka 1981 walipotoa kisu kinaitwa Worker chenye klipu ya chuma ubavuni na tundu la mviringo kwenye bapa la kufungulia kwa kidole gumba. Vitu viwili hivi vimezaliwa pamoja na naona ilikuwa lazima iwe hivo, klipu inakukabidhi kisu kikiwa kimekaa vizuri mkononi na tundu linakufungulia, kazi nzima ni ya mkono mmoja. Mtengenezaji visu Ernest Emerson alikuja kwenda mbali zaidi, akaweka kindoano mgongoni mwa bapa kinachonasa pindo la mfuko wakati unachomoa, kisu kinatoka kimeshafunguka. Sasa hiyo bila klipu haiwezekani kabisa, maana kindoano kinategemea kisu kisimame sehemu ileile kila mara.

Kisu ninachotumia sasa ni Spyderco Delica 4. Bapa lake ni kama milimita 73, uzito kama gramu 71, stili VG-10, mpini wa plastiki yenye nyuzi za glasi. Ila nilikichukua kwa sababu moja, klipu inahamishika sehemu nne. Kulia au kushoto, ncha juu au ncha chini, chagua mwenyewe. Skrubu tatu, bisibisi ndogo ya nyota, dakika tano umemaliza. Delica za kwanza kabisa za mwaka 1990 klipu yake ilikuwa ya plastiki imeungana na mpini, ikivunjika ndo imevunjika na huwezi kuihamisha, kwahiyo hii ya chuma ya kufungua na kufunga ni hatua kubwa.

Kwa sisi wa mkono wa kushoto hili ni suala zito kuliko wengi wanavodhani. Kisu chenye klipu ya upande wa kulia tu ukikiweka mfuko wa kushoto kinakaa kinyume, inabidi uchomoe, ukigeuze hewani, ndo ufungue. Na kugeuza kisu hewani ukiwa na haraka ndo njia rahisi ya kukidondosha mguuni. Miaka yote hiyo nilikuwa najilazimisha kubeba kulia na kufungua kwa mkono usio wangu. Siku niliyohamisha klipu ya Delica nikaiweka kushoto ncha juu, nikakichomoa mara ya kwanza, gumba likaangukia moja kwa moja kwenye tundu. Nilisimama pale chumbani nikakichomoa na kukirudisha mara ishirini hivi kwa furaha. Watengenezaji wanaotoboa matundu ya skrubu upande mmoja tu nawaomba sana, matundu matatu zaidi hayawapunguzii kitu.

Kuhusu ncha juu na ncha chini, maana wengi wanauliza. Ncha juu maana yake kisu kikiwa kimekunjwa mfukoni ncha ya bapa inaangalia juu, mdomo wa mfuko. Ukichomoa mkono tayari umekaa kwenye mshiko wa kukatia, huhitaji kukizungusha. Ncha chini ni kinyume, unachomoa alafu unakizungusha kidogo kiganjani ndo unafungua. Mi ni mtu wa ncha juu bila wasiwasi lakini lazima niseme hatari yake: loki ikilegea na bapa likafunguka kidogo humo ndani, mkono unaoingia unakutana na ncha. Ndo maana kisu kinabanwa kwenye kona ya nyuma kabisa, mgongo wa bapa ukiegemea mshono wa mfuko, mshono wenyewe unalizuia lisifunguke. Usikiweke katikati ya mfuko kikaelea, na usibebe ncha juu kisu ambacho ukikitikisa kimekunjwa bapa linatoka lenyewe.

Sasa matatizo, maana klipu nayo ina mambo yake na nimeyapitia mengi.

La kwanza ni mkononi. Klipu iko palepale vidole vinapozunguka mpini, ukikata kidogo huisikii, lakini kata maboksi magumu saa nzima uone. Nilikuwa na kisu kimoja, sikitaji jina, klipu yake ncha imeinuka juu kama mdomo wa bata na kingo hazijapigwa msasa, nikafungua maboksi ya mzigo asubuhi nzima, mchana nina lengelenge kwenye shina la kidole cha pete. Siku hizi kabla sijanunua nafungua kisu, nakibana kwa nguvu zote kama nakata ubao, nahesabu mpaka kumi. Kama kuna sehemu inachoma kwenye zile sekunde kumi, kwenye kazi itakutoa damu. Kwenye Delica klipu ni pana, imelala, kiganja kinaizoea.

La pili ni nguo. Mpini wa G10 (nyuzi za glasi zilizogandishwa kwa gundi ngumu) ule wenye mikwaruzo kama msasa, ukiwa chini ya klipu unalisaga pindo la mfuko kila unapoingiza na kutoa. Suruali zangu mbili za jinzi, za enzi zile nabeba kulia, zimechanika pindo la mfuko wa kulia huku wa kushoto uko kama mpya. Dawa ni rahisi, fungua klipu, chukua msasa laini, lainisha ile sehemu ya chini ya klipu tu, kwingine acha mpini ubaki na mshiko wake. Kuna watu wanaona huruma kukwaruza kisu kipya, mi naona huruma suruali.

La tatu ni vitu vya pembeni. Klipu ni chuma na iko nje ya mfuko, ukipita kwenye upenyo kati ya magari mawili inachora rangi ya mlango mstari mrefu, na ni gari la mtu. Ilinitokea mara moja, nikaenda kumwambia mwenye gari na nikalipia. Tangu hapo kwenye upenyo nageuka upande mwingine au nafunika klipu kwa kiganja. Mkono wa kiti nao unaweza kuinasa ikapinda, na ikipinda kisu kinaanza kupanda chenyewe kila ukiinama. Ya stili unaweza kuirudisha, unaifungua kwenye kisu, unaifunga kitambaa, unaikunja taratibu kwa koleo kidogokidogo huku unajaribu kwenye pindo la suruali. Usiikunje ikiwa bado iko kwenye mpini, utaharibu nyuzi za skrubu.

Na skrubu ndo la nne na ndo linaloua klipu nyingi. Kila unapochomoa kisu unazitikisa kidogo, baada ya miezi moja inalegea, unaona klipu inacheza, siku ya pili skrubu haipo, siku ya tatu klipu yenyewe haipo. Weka gundi ya nyuzi za skrubu tone moja tu, ile ya bluu. Ile nyekundu siyo, inataka joto kuifungua, na kwenye skrubu ndogo hivi kichwa kitaisha kabla haijaachia. Na kaza mpaka inashika, usiendelee, hivi viskrubu vichwa vyake vinaliwa haraka.

Kuna klipu za kuzamisha, zile ambazo zinaanzia mwishoni kabisa mwa mpini kisu kinaingia chote mfukoni unaona kamstari ka chuma tu. Benchmade Bugout ya 2017 iko hivo, na kwa gramu zake 52 unaweza kusahau umebeba kitu. Nazikubali kwa sababu ya watu, maana siyo kila mtu anafurahia kuona mpini wa kisu umechungulia mfukoni kwa jirani yake kwenye foleni, na kumtia mtu wasiwasi bila sababu siyo vizuri. Ila ukivaa glavu huna pa kushika, vidole vinateleza juu ya ile klipu unabaki unakwangua. Delica ya kawaida inaacha kipande kidogo cha mpini nje, kwa kazi zangu za mikono hicho kipande ndo nakishika kwahiyo nimekiacha hivohivo.

Titaniamu iliyochongwa inapendeza sana machoni lakini nyingi nilizoshika ni ngumu, hazina springi, unasukuma kwa mikono miwili kwenye jinzi nene. Ya waya nyembamba ni laini kiganjani na haili nguo, kwa kisu kidogo naipendekeza kabisa. Kwa kazi nzito bado nachagua ya stili, pana na iliyolala.

Siyo kila kisu kinahitaji klipu. Opinel wa Ufaransa wanatengeneza visu vya mpini wa mbao tangu 1890 na mpini ule wa duara ukiubandika chuma ubavuni umeuharibu, kile kiache kwenye begi la chakula. Kisu kidogo cha kwenye funguo nacho hakina haja. Nasemea kile unachokitumia mara kumi kwa siku ukiwa umesimama.

Kwa ujumla klipu ya Delica 4 naipa tisa kwa kumi, ile moja nimeibakiza kwa ajili ya rangi yake ambayo inakwaruzika mapema ikaonyesha chuma. Nimeshaweka skrubu tatu za akiba na kibisibisi chake kwenye kikopo kidogo cha dawa ndani ya boksi la vifaa, na kila mwisho wa mwezi nakikagua kisu, nazijaribu zote tatu kama zimekaza. Mwezi huu hakuna iliyosogea.