Katy Freeway, barabara kuu ya magari Houston, Marekani: nyota 1, na hiyo ni ya lami tu
Lami safi, sina neno. Ila kama huduma ya kukutoa kwenye foleni hamna kitu hapa. Waliipanua wakamaliza 2008, hela zaidi ya dola bilioni 2, kuna sehemu ukihesabu na barabara za pembeni unapata leni 26, yaani 26 jamani, halafu kufika 2014 safari ya jioni inachukua muda mrefu kuliko 2011. Wala sio uchawi, ukiongeza leni waliokuwa wanaahirisha safari au wanapanda basi nao wanatoa magari, nyumba zinajengwa mbali zaidi, foleni inarudi palepale. Kuvuka kwa miguu ndo usahau kabisa. Hela hiyo wangeweka kwenye treni na mabasi yenye njia zake ningeongeza nyota bila kubembelezwa.