Kipimo kizuri, ushauri haba: tathmini ya huduma ya kutambua watoto wenye vipawa

Mwezi Februari tulimpeleka binti yetu wa darasa la tatu katika kituo kimoja cha ushauri wa kielimu jijini Dar es Salaam, kinachotangaza huduma ya kutambua watoto wenye vipawa. Aliyetusukuma ni mwalimu wake wa hisabati, ambaye alituambia kwamba mtoto humaliza zoezi wenzake wakiwa bado wanapiga mistari kwenye daftari, kisha huanza kuwasumbua. Tulilipa shilingi 180,000 kwa ajili ya kipimo, mahojiano na wazazi, na ripoti ya maandishi.

Kipimo chenyewe ninakisifu. Kituo kinatumia kipimo cha akili kiitwacho Raven ya rangi, yaani michoro 36 iliyogawanywa katika seti tatu, A, Ab na B, ambamo kila mchoro una pengo na mtoto huchagua kipande cha kuliziba kati ya vipande sita. Hakuna sentensi ya kusoma wala msamiati wa kukariri, jambo lenye uzito kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza shuleni, kwa kuwa mtihani wa maneno ungempima lugha kabla ya kumpima akili. Mwanasaikolojia alimwacha kwanza azoee chumba, akamweleza kwa Kiswahili, na hakumharakisha hata alipoganda mbele ya mchoro mmoja wa seti ya mwisho. Mtoto alitoka akiuliza atarudi lini.

Udhaifu ulianzia kwenye ripoti. Iliandika kwamba yuko katika nafasi ya 96 kwa mia, basi. Mama mkwe wangu alielewa kwamba mjukuu amepata maswali 96 kati ya 100, akawapigia simu ndugu wa Moshi jioni ileile, na simlaumu. Maana halisi ni kwamba amewapita takriban watoto 96 kati ya kila 100 wa umri wake katika kundi alilolinganishwa nalo. Nilipouliza kundi hilo ni la wapi, nilijibiwa kwa uungwana kuwa ni la watoto wa Uingereza. Hilo si jambo dogo. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa kwa Raven hiyohiyo mwaka 1998 walifanya vizuri zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko wale wa mwaka 1984, ingawa waliishi katika eneo lilelile. Basi jedwali la ulinganisho la nchi nyingine, tena la miaka ya nyuma, lilipaswa kuambatana na tahadhari hata ya mstari mmoja.

Sehemu ya kumsaidia mtoto, ambayo ndiyo tuliyoihitaji zaidi, ilikuwa nusu ukurasa: arushwe darasa, au aandikishwe kwenye tuisheni ya Jumamosi, ambayo kwa bahati inatolewa na kituo hichohicho. Joseph Renzulli, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alieleza tangu mwaka 1978 kwamba kipawa huonekana pale uwezo ulio juu ya wastani unapokutana na ubunifu na bidii ya kung'ang'ania kazi. Michoro ile hugusa jambo la kwanza tu. Mawili yaliyobaki huonekana darasani, lakini hakuna aliyempigia simu mwalimu, ingawa yeye ndiye aliyemtambua mtoto kabla yetu sote na namba yake tuliiandika kwenye fomu.

Ningekilipia kipimo hiki tena, lakini si ushauri wake. Mzazi anayekusudia kwenda aulize kabla ya kulipa kama kituo kitazungumza na mwalimu, na kama ripoti itataja kundi la ulinganisho. Kikao cha pili cha shilingi 60,000 tulikiacha. Nakala ya ripoti tulimpelekea mwalimu, naye sasa humpa binti kwanza maswali matano yaliyo magumu kuliko yote katika zoezi. Akiyapata, anasamehewa yale 15 mepesi na kupewa fumbo la kulitafakari hadi kengele ilie.