ISO 50 kwenye Canon 5D Mark III chini ya jua la Bagamoyo

Kamera ni ya 2012, niliinunua mkononi mwa mtu, na bado inanilisha. Kazi zangu nyingi ni harusi, na maharusi wa hapa wanataka picha Mji Mkongwe kwenye milango ya kuchonga au ufukweni kando ya majahazi, saa saba mchana, jua la utosi.

ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga; ISO 100 sina neno nayo. Ukuta wa mawe ya matumbawe kule Kaole unaonekana kila kitundu, chenga (vidoadoa vya picha) hakuna.

Shida ni ile inayoandikwa L kwenye kamera, yaani ISO 50. Wengi wanadhani ni safi kuliko 100. Sensa haijabadilika hata kidogo: inapokea mwanga mara mbili ya ule wa 100, kisha picha inashushwa kwa hesabu. Anayelipa ni weupe. Kanzu, shela na tanga la jahazi vinaungua mapema, na hata ukipiga RAW, faili ghafi la kamera, hurudishi kitu. Nikon D850 ni habari nyingine, 64 ndiyo ISO yake ya asili. Na ukiwasha kipengele cha kulinda weupe, chenye alama ya D+, Canon hii inaanzia 200, L huioni tena.

Kwa nini basi mtu aiguse hiyo L? Ni kupunguza mwanga. Jua kali kwa ISO 100 linataka tundu la lenzi la f/16 na shata kama 1/100 ya sekunde. Fungua lenzi hadi f/1.8 upate ukungu nyuma ya bibi harusi, unafika 1/8000, mwisho wa shata. Mimi hapo nafunga filta ya ND8, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara nane, nashuka hadi 1/1000, kanzu inabaki na mikunjo yake.

Vivuli navyo usivivute sana kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, sensa za Canon za kizazi hicho hutoa michirizi hata kwenye 100. Uso ulio chini ya mtandio naujaza kwa flashi. Flashi ya kawaida inaishia shata ya 1/200, kwa hiyo 100 inanilazimisha f/11. Hapo tu ndipo naiweka 50, nipate f/8, na iwe nguo si nyeupe.

Jioni jua likishazama nyuma ya mji, achana na 100. Heri ISO 1600 yenye chenga kidogo kuliko bibi harusi aliyetikisika. Chenga mteja haulizi.