Karakana Mpya ya Tinti Chumbageni: Kazi Nzuri, Bei Bado Haijakaa Sawa

Kwa miezi michache sasa vijana wawili wamefungua karakana ndogo ya kuweka tinti kwenye vioo vya magari hapa Chumbageni, jijini Tanga, na kwa kuwa niliwapelekea gari langu, Toyota Premio, kisha nikarudi kwao mara ya pili, naona ni haki niwaeleze wenzangu nilichokiona. Kazi yao ni nzuri. Kinachonitia wasiwasi ni namna wanavyoipangia bei, maana kwa bei ya sasa nahofu kwamba hawatadumu.

Ubao wa bei umetundikwa mlangoni, jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa ili wamkadirie mteja kwa kumtazama usoni. Umegawa tinti katika aina tatu, yaani ya rangi, ya kaboni na ya seramiki, na mkubwa wao alinieleza tofauti zake bila haraka: ya rangi ni rahisi lakini hupauka kwa jua, ya kaboni hushika rangi yake muda mrefu zaidi, na ya seramiki huzuia joto kwa kiasi kikubwa hata ikiwa angavu. Nilipomwambia nataka asilimia 35 kwa sababu ni nyeusi kuliko 20, alinirekebisha kwa adabu: “Hapana, mzee wangu, hiyo namba ni mwanga unaopita. Ya 20 ndiyo nyeusi zaidi.” Nilichagua kaboni ya asilimia 35, kwa shilingi 100,000, kwa sababu usiku naendesha mwenyewe na macho yangu si ya ujana. Ile ya rangi sikuitaka tena. Fundi mmoja wa zamani aliwahi kuniwekea kwa bei ya kutupa, na haukupita muda mrefu kioo cha nyuma kikageuka zambarau na kujaa viputo.

Nilikaa kwenye benchi nikawatazama. Kioo cha nyuma cha Premio kimepinda, kwa hiyo tinti hutandazwa kwanza upande wa nje, ikapulizwa hewa ya moto hadi ikanywea na kulifuata umbo la kioo, ndipo ikahamishiwa ndani juu ya maji ya sabuni na kukamuliwa kwa kipande cha mpira, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kioo hicho peke yake kiliwachukua muda mrefu kuliko milango yote minne.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu, kwani nimefanya kazi ya uhasibu karibu maisha yangu yote. Roli yao ya tinti ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 1.52, nao waliniambia kwamba huinunua kwa shilingi 450,000, yaani 15,000 kwa mita. Gari langu lilikula mita nne pamoja na vipande vilivyobaki sakafuni, ambavyo havifai kwa kioo kingine chochote. Hizo ni 60,000. Katika 40,000 iliyobaki watoe pango, umeme, nyembe, na ujira wa watu wawili kwa zaidi ya nusu siku. Siku ya nne niliporudi na kiputo chenye punje ya mchanga ndani yake, walibandua tinti ya kioo cha nyuma na kuweka nyingine bila kunidai hata senti. Niliwashukuru kwa dhati, lakini ile mita moja waliyoitumia tena ilikuwa 15,000 nyingine, na ubaoni hakuna mahali ambapo gharama ya kurudia kazi imewekewa akiba. Bei ya fundi anayeanza haina budi kubeba kosa litakalotokea, kwa sababu litatokea.

Kasoro iliyoniudhi ni ya kuondoa tinti ya zamani. Bei yake haikuandikwa popote, nami niliambiwa niongeze 20,000 wakati gundi ilikuwa tayari imetapakaa kwenye kioo na mimi sina pa kwenda. Sisemi ni ghali. Walitumia mvuke na subira ili wembe usikate nyaya nyembamba za kuondolea ukungu, na kwa kazi hiyo wangeweza kudai zaidi, lakini mteja aelezwe kabla gari halijaguswa.

Aidha, kupanga bei kwa ukubwa wa gari pekee hakuna uwiano. Hilux ya milango miwili, yenye kioo cha nyuma kidogo kilichonyooka, imeandikwa chini ya magari makubwa na kulipishwa kuliko gari dogo ambalo kioo chake kimepinda na kumtoa fundi jasho. Wahesabu mita na saa za kazi, kisha ndipo waandike bei.

Gari la mke wangu nitawapelekea mwezi ujao, na wakiniambia 130,000 nitalipa. Juzi asubuhi nililiegesha langu pale Raskazone, jua la baharini likipiga kioo cha nyuma, nikapitisha kidole kwa ndani kona hadi kona: hakuna kiputo, na nyaya zote ni nzima.