TAHADHARI: Diski za seva zinazouzwa "mpya" huku zimeshachakaa

Ndugu zangu mnaonunulia ofisi vifaa vya seva, someni hili kabla hamjatoa hela.

Tulihitaji diski nne za terabaiti 8 kwa seva ya ofisi hapa Dar es Salaam: hesabu, stoo, nyaraka za wateja. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alitupa bei ya chini kidogo kuliko wengine. Kidogo tu, na hapo ndipo nilipopigwa, maana ingekuwa bei ya kutupa ningeshtuka. Mifuko imefungwa, lebo safi, saa za kazi (muda ambao diski imeshawashwa) zinasoma sifuri. Nikalipa.

Wiki ya saba diski moja ikafa. Tulikuwa tumezipanga kwa RAID 5, mpangilio unaovumilia kifo cha diski moja tu, hivyo nikaweka nyingine na seva ikaanza kuijaza. Kazi hiyo huzisoma diski zilizobaki mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo. Ya pili ikashindwa. Data yote ikapotea. Tulibaki na nakala ya nje ya seva, ya siku tisa nyuma, na wenzangu wa uhasibu wakakesha wakiingiza ankara upya kwa mkono. Inaniuma mpaka leo.

Ndipo nikachimba. Saa za kazi zinazoonyeshwa na SMART, mfumo wa diski wa kujipima afya, zinaweza kufutwa zikarudi sifuri. Diski za Seagate kama zetu zina kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, unayoisoma kwa amri ya smartctl -l farm (smartctl ni programu ya kukagua diski; iwe toleo la 7.4 au jipya zaidi). Kwa zile mbili zilizobaki hai, SMART ilisema saa 1,180. FARM ikasema zaidi ya 27,000! Mwaka mzima una saa 8,760.

Mchezo huu haukuanzia kwetu. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, waliufichua huko Ulaya, na diski nyingi zilidhaniwa kutoka kwenye uchimbaji wa Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa kutumia diski. Seagate ilisema si yenyewe iliyowauzia wale wauzaji.

Wetu nilipompigia alisema, "Bosi, diski ni bahati," kisha hakupokea tena. Risiti aliyotupa ni ya mkono, haina hata namba za diski, kwa hiyo sina cha kumshikia. Daini risiti ya EFD, na ankara iandikwe namba ya kila diski. Ingizeni namba hizo kwenye tovuti ya mtengenezaji mkiwa bado dukani, muone waranti inaisha lini. Angalieni pia matundu ya skrubu na sehemu ya kuchomekea. Diski mpya haina mikwaruzo hapo.

Kama umeshanunua na seva bado inafanya kazi, usianze kuchomoa diski. Toa nakala kamili nje ya seva leo, hakikisha inafunguka, ndipo uendeshe hiyo amri ya FARM.