Tahadhari Tanga: waya mkuukuu wa hendibreki unapigwa rangi na kuuzwa kama mpya

Ndugu zangu wenye pikapu za zamani, hasa Hilux, Nissan na Isuzu za miaka ya 80 na 90, kuna mchezo unachezwa hapa mjini na umeshawaumiza watu. Gari linakuwa zito, tairi la nyuma linapata moto, hendibreki ukiishusha haiachii. Unalipeleka gereji. Fundi hajashika hata jeki, tayari ametoa hukumu: shuu za breki zimekwisha, silinda za breki zimekufa, dramu zimeliwa, waya umeharibika. Kisha anakuelekeza duka moja tu mitaa ya Ngamiani, "mwambie mimi ndiye nimekutuma." Huko unapewa waya mweusi unaong'aa na kuapiwa kwamba ni orijino ya Japani.

Waya ule umevuliwa kwenye gari la mtu mwingine. Umeoshwa kwa petroli, ukapulizwa rangi, ukasindiliwa grisi kwenye ncha zote mbili ili usikwaruze ukiujaribu kwa mkono. Kijana aliyewahi kufanya kazi pale ndiye aliyenieleza, na baadaye nikauona mwenyewe chini ya gari la mzee jirani yangu wa Chumbageni, ambaye riziki yake ni kubeba machungwa kutoka Muheza hadi soko la Mgandini. Mzee yule alitozwa laki nne na nusu kwa waya, shuu na silinda mbili. Mvua za masika zilipokolea, hendibreki ikang'ang'ania vilevile. Nilipokwangua rangi kwa wembe, chini yake kulikuwa na kutu nyekundu na alama za vibanio vya gari jingine. Alipodai spea zake za zamani aliambiwa, "Tulishazitupa, mzee wangu." Hazikutupwa. Hizo ndizo mtaji wao.

Jina la duka liko polisi, kwa hiyo hapa sitalitaja. Ninachotaka kila mtu akijue ni jinsi ya kutambua ugonjwa wa gari lake kabla ya kufungua pochi, maana mtu akishajua kinachokwama, hawa hawana pa kumkamatia.

Waya wa hendibreki ni nyuzi za chuma zinazoteleza ndani ya kava. Ukivuta mkono wa hendibreki, waya unavuta kijiti kilichomo ndani ya dramu, lile duara la chuma linalozunguka na tairi, nacho kinazitanua shuu zilibane. Ukiachia, kinachourudisha ni springi tu. Sasa sisi tuko pwani. Anayelaza gari Raskazone au Mwambani anaujua upepo wa chumvi unavyokula chuma. Kava likichanika, maji yanaingia, kutu inavimba ndani. Mkono wako una nguvu ya kuuvuta waya huo, lakini springi haina nguvu ya kuurudisha. Hivyo kweli waya ni mshukiwa wa kwanza huku kwetu, na matapeli wanajua hivyo. Lakini si kila breki inayoshika ni waya.

Egesha mahali tambarare, weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gia iwe huru, hendibreki iwe imeachiwa. Inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Zungusha kila tairi kwa mkono. Likishika moja na jingine liko huru, tatizo liko upande ule. Yakishika yote mawili, anza kufuatilia waya wa mbele, ule unaotoka kwenye mkono, na pale nyaya za kulia na kushoto zinapokutana.

Mwombe mtu avute na kuachia huku wewe ukitazama pale zinapokutana. Waya ukibaki umekazwa baada ya kuachiwa, legeza nati ya kurekebishia au uchomoe upande unaoshika. Tairi likizunguka, waya au mkono ndio wenye makosa. Ikiwa waya umelegea kabisa na tairi bado limeshika, usinunue waya! Kilichokwama kimo ndani ya dramu.

Kuna kipimo kimoja ambacho hawa mafundi hawakuonyeshi kamwe. Fungua kidogo ile nati ya kutolea upepo nyuma ya tairi linaloshika. Mafuta ya breki yakiruka kwa kasi na tairi likaachia papo hapo, basi hendibreki haihusiki. Mafuta yamefungiwa kwenye mfumo, na mara nyingi chanzo ni paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani au pampu kuu isiyorudi sawasawa. Ukimaliza, funga nati na utoe upepo ulioingia kwenye breki kabla gari halijaingia barabarani.

Dramu likigoma kutoka, usikubali lipigwe nyundo hadi lipasuke ili uuziwe jingine. Dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi. Unaingiza bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, unazikaza kwa zamu, dramu linajisukuma lenyewe. Ndani tazama springi iliyokatika, kile kijiti kilichoganda kwenye pini yake, na silinda inayovuja. Mara nyingi kijiti kinahitaji kusafishwa na kupakwa kidogo tu grisi inayohimili joto, pasipo kugusa shuu. Vumbi la humo usilipulize wala usilipige upepo wa kompresa, kwa sababu shuu za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Ikithibitika ni waya, uchunguze dukani kabla ya kulipa. Ukunje kwa mduara mpana, kisha vuta na kusukuma ncha: mpya unateleza bila kusita. Funua vifuniko vya mpira vya mwishoni, maana rangi haifiki huko na kutu inabaki. Kwangua kava kwa ukucha. Fika na waya wako wa zamani mkononi upime urefu, kwa kuwa wa kulia na wa kushoto mara nyingi hazilingani. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa jina la spea. Wakikwambia utume fedha kwenye namba binafsi ya fundi badala ya namba ya duka, ondoka.

Wengine hukushauri waya ukatwe, "utatumia gia kuegesha." Mwenye kubeba mzigo akapanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto anajua maana ya gari lisilo na hendibreki kwenye mlima ule. Anayekwambia hivyo hakutakii mema.

Kama ulinunua waya Ngamiani tangu masika yaanze, hasa kwa kuelekezwa na fundi, ingia chini ukwangue rangi leo. Ukikuta kutu, usiurudishe dukani, watauosha tena na kumuuzia mwenzako. Uweke pamoja na risiti na upige picha, kisha upeleke polisi kituo cha kati Chumbageni, na malalamiko yafike pia Tume ya Ushindani. Mzee wangu ameshaandikisha maelezo yake, na anahitaji wengine wa kusimama naye.